Wapalestina ni Watu Gani?

Kila mara tusomapo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli habari za Daudi na Goliathi, hakosi mtu wa kuuliza: "Mwalimu, Wafilisti hawa ndio hao Wapalestina tunaowasikia katika habari za vita?" Swali hili si la kitoto. Nimelisikia kwa watoto wa shule, nimelisikia kwa wazee wa kanisa, na siku moja nalimsikia mhubiri mgeni akilijibu bila kuulizwa. Alisema ya kuwa ndio hao hao, na ya kuwa vita vya siku zile havijakoma mpaka leo. Watu wakaitika, Amina. Mimi nami nikanyamaza, na tangu siku ile nimejilaumu kwa kunyamaza kwangu. Basi nimeona vema niandike hapa yale niliyopaswa kuyasema.

Asili ya kosa ni kwamba majina hayo mawili ni ndugu kweli kweli. Waarabu huiita nchi ile Filastin, na Wazungu huiita Palestina, na yote mawili yametoka katika jina la Wafilisti. Lakini jina ni kama nguo. Aliyeivaa leo si lazima awe mwana wa yule aliyeishona.

Wafilisti wenyewe walikuwa watu wa kuja. Nabii Amosi, katika sura ya tisa, asema ya kuwa walitolewa Kaftori, na wataalamu wengi hudhani Kaftori ni kisiwa cha Krete. Wamisri nao waliwaandika. Katika hekalu la Farao Ramses wa Tatu, mahali paitwapo Medinet Habu, zimechorwa ukutani picha za vita alivyopigana na watu waliokuja kwa bahari, yapata mwaka wa 1175 kabla ya Kristo, na kati yao wametajwa Wapeleseti, ndio Wafilisti. Hao wakakaa pwani ya Kanaani katika miji mitano tuijuayo sana: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi.

Yaliyowapata baadaye tumeyajua vizuri zaidi siku hizi. Mwaka wa 2019 wataalamu walitangaza habari za mifupa iliyofukuliwa Ashkeloni. Siku hizi mfupa wa kale hupimwa, na damu ya ukoo hutambulikana ndani yake hata baada ya miaka elfu tatu. Waliona kwamba watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu za nyumba, katika siku za kwanza za Wafilisti, walikuwa na asili ya Ulaya ya kusini kwa sehemu fulani. Lakini walipopima mifupa ya watu wa mji ule ule waliokufa kama miaka mia mbili baadaye, alama ile ilikuwa karibu imetoweka. Wageni wale walikuwa wameoa na kuozesha, wamezama katika watu wa nchi kama chumvi izamavyo katika maji. Kisha mwaka wa 604 kabla ya Kristo Nebukadreza akauangamiza Ashkeloni, akawachukua Wafilisti mateka mpaka Babeli. Wayahudi waliochukuliwa kama wao walirudi. Wafilisti hatusikii kwamba walirudi wakawa taifa tena. Basi mtu asemaye leo kwamba Mpalestina fulani ni mwana wa Goliathi, anamtafutia baba ambaye nyumba yake ilifungwa zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano iliyopita.

Watu walikwisha, jina likabaki. Myunani Herodotus, aliyeandika historia yake katika karne ya tano kabla ya Kristo, aliita Palestina ile nchi ya pwani iliyo kati ya Foinike na Misri. Hata baadaye, Wayahudi walipowaasi Warumi chini ya Simoni Bar Kokhba, mwaka wa 132 hata 135 baada ya Kristo, Kaisari Hadrian akawapiga pigo kubwa mno, na lile jimbo lililoitwa Uyahudi likaitwa tangu hapo Shamu ya Palestina. Wanahistoria wengi huona ya kuwa alitaka kulifuta jina la Uyahudi katika nchi. Tangu siku hizo jina la Palestina limekuwa jina la nchi nzima, wala si la pwani tu.

Sasa yatupasa tuulize: chini ya jina hili waliishi nani? Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa kuwa tunapofunga Agano Jipya twadhani ya kwamba watu wa nchi ile nao walifunga milango wakaondoka. Hawakuondoka. Wayahudi walifukuzwa Yerusalemu, lakini Galilaya walikaa wengi, na ndiko walikokusanya sheria za wazee wao katika kitabu kiitwacho Mishna, yapata mwaka wa 200. Wasamaria walikaa katika vilima vya Shekemu. Katika miji walikuwako Wayunani, na watu wengi wa nchi waliojifunza Kiyunani kwa ajili ya biashara na utawala. Upande wa jangwa walikaa Waarabu, nao hawakuja na Uislamu, maana twasoma habari za Geshemu Mwarabu aliyempinga Nehemia, na siku ya Pentekoste Waarabu wametajwa kati ya waliosikia mitume wakinena. Hawa wote, wakulima na wachungaji na wafinyanzi, lugha ya wengi wao ilikuwa Kiaramu, ile aliyoisema Bwana wetu.

Kidogo kidogo watu hawa wakawa Wakristo. Mfano ulio wazi ni Gaza, mji ule ambao Samsoni aliyachukua malango yake begani. Filipo alikutana na yule towashi Mkushi katika njia ya kuelekea Gaza, kama tusomavyo katika Matendo sura ya nane, lakini mji wenyewe haukugeuka upesi. Ulikuwa na mungu wake aitwaye Marna, na hekalu lake likasimama hata baada ya Makaisari kuwa Wakristo. Yapata mwaka wa 395 akawekwa huko askofu jina lake Porphyrius, naye akawakuta Wakristo wachache sana. Akaenda mpaka Konstantinopoli kutafuta msaada, na Malkia Eudoxia akamsaidia. Mwaka wa 402 hekalu la Marna likavunjwa, na mahali pake pakajengwa kanisa. Sisemi ya kuwa kuvunja hekalu kwa nguvu za serikali ni njia niipendayo ya kuhubiri. Lakini haukupita muda mrefu ila Gaza ikawa na shule iliyosifiwa katika nchi zote za Wayunani, na walimu wake Wakristo, kama Procopius, walifundisha ufasaha wa kunena na kuandika. Watu waliokuwa katika shule ile hawakuletwa kutoka ng'ambo. Walikuwa wajukuu wa wale waliomwabudu Marna.

Katika habari hizi liko jambo moja ambalo wasomaji wetu wataliona kama la kwao. Mwanamke mmoja aitwaye Egeria alisafiri kutoka nchi za magharibi kwenda kuzuru Yerusalemu, katika miaka ya 380 na kitu, akaandika aliyoyaona. Asema ya kuwa askofu wa Yerusalemu alihubiri kwa Kiyunani tu, hata kama alijua lugha ya wenyeji, na kando yake alisimama kasisi akiyafasiri maneno yake kwa Kiaramu ili watu wafahamu. Ni nani kati yetu asiyemkumbuka katekista amesimama kando ya padre mgeni, akifasiri? Wale waliohitaji kufasiriwa, ndio watu ninaowatafuta katika habari hii. Wakubwa walibadilika, nao walikuwa wakisikiliza kutoka nyuma ya kanisa.

Karne ya sita ilipofika, sehemu kubwa ya watu wa Palestina walikuwa Wakristo, na kando yao Wayahudi na Wasamaria. Wasamaria waliasi mwaka wa 529, wakapigwa vibaya sana na majeshi ya Kaisari Justinian. Wengi waliuawa, na wengine waliingia katika dini ya waliowashinda. Mwaka wa 614 Waajemi waliteka Yerusalemu. Kisha wakaja Waarabu na dini mpya ya Kiislamu. Mwaka wa 634 walipigana karibu na Gaza, mwaka wa 636 walilishinda jeshi kubwa la Warumi wa mashariki penye mto Yarmuk, na mwaka wa 637 au 638 Sophronius, patriarka wa Yerusalemu, alimkabidhi Khalifa Umar mji mtakatifu kwa mapatano.

Wengi husema ya kuwa hapo ndipo watu wa kale walipotoka, wakaingia Waarabu badala yao. Ni kama kusema ya kuwa mwenye nyumba akibadili dini, basi nyumba imehamiwa na mtu mwingine. Majeshi ya Waarabu yalikuwa ya askari wa kutosha kushinda vita, lakini hayakuwa umati wa kujaza kila kijiji. Wakuu wao walikaa katika miji, wakaujenga mji mpya wa Ramla kuwa makao ya liwali wa wilaya waliyoiita Filastin, kwa jina lile lile walilolikuta. Mkulima akabaki katika shamba lake la mizeituni, akalipa kodi kwa bwana mpya kama alivyomlipa wa kwanza, na mara nyingine zaidi.

Kilichobadilika kwanza ni lugha, na waliobadilika hawakuwa Waislamu tu. Mtawa mmoja aitwaye Stefano wa Ramla alinakili kwa mkono wake, mwaka wa 877, kitabu cha kueleza imani ya Kikristo kwa lugha ya Kiarabu, na miaka ishirini baadaye akanakili Injili zote nne kwa lugha hiyo hiyo. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba Wakristo wa Palestina walikuwa wamekwisha kuanza kusali na kusoma kwa Kiarabu kwa kuwa kilikuwa kimekuwa lugha yao ya nyumbani. Hivyo mtu aweza kuwa Mwarabu kwa ulimi, na baba zake wakawa walinena Kiaramu, na kabla ya hapo Kiebrania au Kikanaani.

Dini ilibadilika polepole kuliko lugha. Wako walioamini kweli Uislamu, wako waliochoka na kodi ya kichwa waliyotozwa wasiokuwa Waislamu, wako waliooa, wako walioona jirani zao wote wamekwisha kwenda nao wakafuata. Wazungu wa Vita vya Msalaba walipofika mwaka wa 1099 walikuta bado vijiji vingi vya Wakristo wenyeji, ambao walinena Kiarabu, nao Wazungu hao hawakujua wawaweke upande gani. Salahuddin akauchukua Yerusalemu mwaka wa 1187, na ngome ya mwisho ya Wazungu, mji wa Akka, ikaanguka mwaka wa 1291. Baada ya siku hizo Waislamu wakawa wengi kabisa, na Wakristo wakabaki wachache, zaidi katika Bethlehemu, Nazareti, Ramallah, Yerusalemu na miji ya pwani. Hata leo ziko familia za Kiislamu katika Nablus zikumbukazo ya kuwa babu zao walikuwa Wasamaria.

Mtu aweza kuniuliza: wewe wajuaje ya kuwa mkulima alibaki? Shahidi wa kwanza ni majina ya vijiji, na huyu ndiye shahidi nimpendaye kuliko wote. Mwaka wa 1838 mtaalamu wa Kimarekani, Edward Robinson, alizunguka nchi ile pamoja na mmisionari Eli Smith aliyejua Kiarabu sana. Walitaka kujua mahali ilipokuwa miji ya Biblia ambayo haikujulikana tena kwa Wazungu. Hawakuchimba ardhi. Waliwauliza wakulima tu: Kijiji hiki chaitwaje? Na kile kilima? Wakajibiwa: Anata. Nayo ni Anathothi, kwao Yeremia. Wakajibiwa: Mukhmas. Nayo ni Mikmashi, mahali Yonathani alipopanda jabali akawapiga walinzi wa Wafilisti. Wakajibiwa al-Jib, ndiyo Gibeoni; na Beitin, ndiyo Betheli; na Seilun, ndiyo Shilo, alikolala Samweli aliposikia akiitwa.

Tena fikirini habari hii. Mji wa Beth-sheani, ambako mwili wa Sauli ulitundikwa ukutani, Wayunani na Warumi waliuita Scythopolis kwa miaka mia nyingi, na ndilo jina lililoandikwa katika vitabu vya serikali. Lakini utawala wao ulipokwisha, jina likarudi Beisan. Lida, ambako Petro alimponya Ainea, iliitwa na Warumi Diospolis, maana yake mji wa mungu Zeu. Nayo ikarudi kuwa Ludd. Jina la namna hii halihifadhiwi na mgeni. Hulihifadhi mama amtumaye mtoto kisimani, na mtoto akikua humtuma mtoto wake. Najua ya kuwa mara nyingine jina la wageni lilishinda; Nablus ni Neapolis ya Warumi, na Shekemu la kale likasahauliwa katika vinywa vya wenyeji wengi. Lakini yaliyobaki ni mengi mno.

Shahidi wa pili ni ile mifupa. Mwaka wa 2020 wataalamu walitoa habari za mifupa ya watu zaidi ya 70 waliozikwa katika nchi ile zamani za Wakanaani na za wafalme wa Israeli. Walipoilinganisha na watu wa leo, waliona ya kuwa Waarabu wa nchi zile, na jamii nyingi za Wayahudi pia, wana nusu au zaidi ya asili yao kwa watu wa jamii moja na wale wa kale. Yaani wale wawili wagombanao juu ya shamba, wote wawili wamo katika ukoo wa mwenye shamba.

Shahidi wa tatu atawashangaza. David Ben-Gurion, ambaye mwaka wa 1948 alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, na Yitzhak Ben-Zvi, aliyekuwa rais wa pili wa dola hiyo, walitoa kitabu huko New York mwaka wa 1918 kwa lugha ya Kiyidishi. Humo walisema ya kuwa wakulima wa Kiarabu wa Palestina kwa sehemu kubwa ni uzao wa wakulima Wayahudi wa kale waliobaki katika nchi wakabadili dini. Baadaye, ugomvi ulipozidi, neno hili halikusemwa sana tena.

Lakini nisije nikaonekana kusema ya kuwa hapana damu ngeni. Katika njia kuu kati ya Misri na Shamu, watu gani wangeweza kukaa peke yao? Wako makabila ya jangwani yaliyotoka Arabuni kweli, na ziko familia kubwa za Yerusalemu zihesabuzo ukoo wao mpaka kwa masahaba wa Muhammad. Ibrahim Pasha wa Misri alipoitawala nchi, mwaka wa 1831 hata 1840, Wamisri wengi walihamia. Wako Waarmenia waliokaa Yerusalemu tangu zamani sana, wako Wacherkesi katika kijiji cha Kafr Kama waliofukuzwa kwao na Warusi katika karne ya 19, na karibu na Msikiti wa Aksa wako watu weusi ambao babu zao walikuja kuhiji kutoka Chad, Senegal, Nigeria na Sudan, wakakaa. Wote hao leo, ukiwauliza, wengi wao watakujibu ya kuwa ni Wapalestina. Nalo la koo pia lachekesha kidogo: zamani vijiji vya Palestina vilijigawa kuwa watu wa Qais na watu wa Yaman, kana kwamba wote walitoka katika makabila mawili ya Arabuni, wakapigana kwa ajili hiyo, na Wakristo, na Waislamu, walikuwako pande zote mbili. Hivyo babu wa kusimuliwa na babu wa kweli si lazima wawe mtu mmoja.

Imebaki habari ya jina. Ni tangu lini watu hawa walijiita Wapalestina? Mwanajiografia al-Muqaddasi, mzaliwa wa Yerusalemu katika karne ya kumi, asimulia ya kuwa alipokuwa Shirazi katika Uajemi aliwaambia waashi jinsi mawe yachongwavyo kwao. Wakamwuliza kama yeye ni Mmisri, akajibu la, yeye ni Mpalestina. Lakini huyo alikuwa msafiri, na msafiri hulazimika kutaja nchi. Mkulima wa siku za Waturuki, waliotawala tangu 1516 hata 1917, kama ungemwuliza wewe ni nani, angekutajia kijiji chake, ukoo wake na dini yake, na hapo pangekwisha. Tena serikali ya Waturuki haikuwa na jimbo moja liitwalo Palestina. Nchi iligawanywa, sehemu ya Yerusalemu ikawa mbali, na sehemu za Nablus na Akka zikatawaliwa kutoka Beirut.

Waliolichukua jina hilo na kulifanya la watu wote, wa kwanza wao walikuwa walimu na wachapaji wa magazeti, na si wachache kati yao walikuwa Wakristo. Khalil Beidas, aliyezaliwa Nazareti mwaka wa 1874, akasoma katika shule ya walimu ya Warusi iliyokuwako huko, alitaja watu wa Palestina kwa jina hilo katika dibaji ya kitabu alichokifasiri mwaka wa 1898. Najib Nassar alianzisha gazeti la al-Karmil katika Haifa mwaka wa 1908. Na mwaka wa 1911 Issa El-Issa na jamaa yake Yousef El-Issa, Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi, walianza kuchapa huko Yafa gazeti waliloliita Falastin. Mimi mwenyewe, niandikaye katika gazeti dogo kama hili, siwezi kusoma habari zao bila furaha kidogo.

Kilichowasukuma ni nini? Ni kuona nchi zao za jirani zikijitafutia utaifa wao, na ni hofu pia. Tangu mwaka wa 1882 Wayahudi waliokuwa wakiteswa vibaya katika Urusi walianza kurudi kwa makundi katika nchi ya baba zao, wakanunua mashamba, na mara nyingine wapangaji Waarabu waliolima mashamba hayo waliondolewa. Mwaka wa 1917 serikali ya Uingereza iliahidi kuwasaidia Wayahudi wapate makao ya kitaifa katika Palestina. Waingereza walipohesabu watu mwaka wa 1922, walikuta watu 757,182: Waislamu 590,890, Wayahudi 83,794, Wakristo 73,024, na waliosalia wa dini nyingine. Chini ya Waingereza kila raia, Mwarabu au Myahudi, alikuwa Mpalestina kwa sheria. Hata gazeti la Kiingereza la Wayahudi lililoanzishwa Yerusalemu mwaka wa 1932 liliitwa Palestine Post. Kisha, dola ya Israeli ilipotangazwa tarehe 14 Mei 1948, Wayahudi wakajiita Waisraeli, na jina la Wapalestina likabaki kwa Waarabu peke yao. Katika vita vya wakati ule watu zaidi ya 700,000 kati yao walikimbia au walifukuzwa makwao, wakakaa kambini katika Gaza, Yordani, Lebanoni na Shamu. Mtu aliyekuwa akijiita wa kijiji fulani, kijiji kikiwa hakipo tena, atajiita nani? Kambini jina lile likakaza kuliko lilivyokaza katika magazeti.

Wako wasemao ya kuwa taifa lililojipa jina siku za karibuni hivi si taifa. Mimi sioni hivyo. Ufalme wa Italia ulianza mwaka wa 1861 na dola ya Ujerumani mwaka wa 1871, na hakuna asemaye ya kuwa watu wa Roma hawakuwa na babu kabla ya hapo. Wako na wengine, upande wa pili, wasemao ya kuwa Wayahudi ni wageni kabisa katika nchi ile. Hao nao wanakosa, maana Biblia, na mawe yaliyochimbwa, na ile mifupa, vyote vyawashuhudia. Ukale wa ukoo haukatai ukale wa ukoo mwingine. Jinsi watakavyoketi pamoja ni kazi nyingine, nayo haikatwi kwa kupima mifupa.

Ule mji wa Gaza bado una kanisa liitwalo kwa jina la Askofu Porphyrius, na wenyeji huonyesha kaburi lake humo. Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wa Hamas walivuka mpaka wakaua watu kama 1,200 katika Israeli na kuchukua mateka, na Israeli ikaanza vita katika Gaza, vilivyoua makumi ya maelfu. Wakristo wa Gaza walikuwa kama 1,000 tu vita vilipoanza. Wengi wao walikimbilia makanisani wakalala humo na watoto wao. Usiku wa tarehe 19 Oktoba bomu la Israeli likaangusha jengo moja katika ua wa Kanisa la Mtakatifu Porphyrius, na watu waliolala ndani wakafa, watoto pia. Ilikuwa baada ya siku hizo ndipo nilipomsikia yule mhubiri akisema ya kuwa watu wa huko ni wana wa Goliathi, nami nikanyamaza.